Jogoo karudi na utepe: kisa cha kideri cha California, 2018 hadi 2020

Kwenye mashindano ya kuku huko Marekani, jaji hamwangalii kuku kwa mbali. Anafungua kizimba, anapenyeza mkono chini ya kifua, anamtoa kuku taratibu na kumpakata. Anaukunjua ubawa mmoja kama mtu anayefungua upepeo, anatazama kama manyoya makubwa yametimia, anapuliza manyoya ya tumboni kutafuta chawa na utitiri, anapapasa mfupa wa kifua, anakagua macho, upanga na kucha. Akimaliza anamrudisha, anaandika kwenye kadi, anafungua kizimba cha pili. Kwa siku moja mikono hiyo hiyo inaweza kupita kwa kuku zaidi ya mia.

Ukimwambia mtu kwamba maonyesho ya kuku yanaeneza magonjwa, picha inayomjia ni hiyo: mikono ya jaji, vizimba vilivyobanana, kuku mia tano wakipumua hewa moja ukumbini. Hata mimi nilifikiri hivyo kwa miaka. Lakini nimekifuatilia kisa cha Kusini mwa California tangu kilipotangazwa mpaka kilipofungwa, na kila nikikirudia naona ukumbi wenyewe ni sehemu ndogo ya habari. Habari iko kwenye gari la kurudi nyumbani, na katika wiki mbili zinazofuata.

Tuanze na yaliyotokea.

Tarehe 18 Mei 2018 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza kwamba kundi dogo la kuku wa maonyesho, waliokuwa wakifugwa uani katika Kaunti ya Los Angeles, limekutwa na ugonjwa wa Newcastle wa aina kali. Mwenye kuku alikuwa ameona vifo vinazidi. Sampuli zilipimwa kwenye maabara ya afya ya wanyama ya jimbo, kisha zikathibitishwa na maabara ya taifa iliyoko Ames, Iowa. Ugonjwa huo ulikuwa haujaonekana nchini humo tangu 2003.

Newcastle ndio huu huu kideri wetu, wengine wanauita mdondo. Jina la kizungu limetokana na mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza, ulikotambuliwa miaka ya 1920. Kwetu kideri ni kama kiangazi chenyewe, mtu anajua kitakuja. Kinapita mtaani, banda la jirani linanyamaza, lako linanyamaza, mnapeana pole, na mwezi wa pili mtu anatafuta tetea wa kuanzia upya. Kwa wenzetu kuku wachache waliokufa uani mwa nyumba moja ni dharura ya taifa, na wana sababu. Kideri kali kikithibitishwa, nchi nyingine zinaweza kufunga milango kwa kuku na mayai yao. Isitoshe, eneo hilo hilo lilikuwa limeshaungua mara mbili. Mwaka 1971 ugonjwa uliingia Kusini mwa California ukihusishwa na ndege wa kufugwa walioagizwa kutoka nje, na kuku karibu milioni 12 wakateketezwa. Mwaka 2002 ukarudi, safari hii kwenye kuku wa uani, wakiwemo majogoo wa mapigano, ukavuka mpaka Nevada, Arizona na Texas. Ndege zaidi ya milioni 3 waliuawa na zaidi ya dola milioni 160 zikatumika kabla haujazimwa mwaka 2003.

Kwa hiyo tangazo la Mei 2018 lilipotoka, wazee wa tasnia ya kuku California hawakuhitaji kuelezwa kinachofuata.

Mlipuko ulichukua miaka miwili. Ulienea katika kaunti za Los Angeles, San Bernardino na Riverside, ukagusa Ventura, San Diego, hata Alameda iliyo mbali kaskazini. Januari 2019 ulionekana kwenye kuku wa uani jimbo la Utah, na Aprili ya mwaka huo Arizona. Desemba 2018 uliingia kwa mara ya kwanza kwenye shamba la biashara, la kuku wa mayai, katika Kaunti ya Riverside. Hesabu ilipofungwa, maeneo zaidi ya 470 yalikuwa yamekutwa na ugonjwa na ndege zaidi ya milioni 1.2 walikuwa wameuawa.

Hapo kwenye hesabu pana jambo la kutazama kwa makini. Katika maeneo hayo zaidi ya 470, mashamba ya biashara yalikuwa manne tu. Yaliyobaki karibu yote yalikuwa nyua za watu: kuku kumi hapa, thelathini pale, sabini kwa yule mwenye kichaa cha kufuga. Lakini sehemu kubwa ya ndege waliouawa ilitoka kwenye yale mashamba manne. Ugonjwa uliishi na kutembea kwa wadogo, halafu ukaja kuvuna kwa wakubwa. Ukiwa na kuku kumi na wawili uani unaweza kujiambia kwamba hadithi hizi za vijidudu na viatu vya dawa ni za wenye mabanda ya kuku elfu ishirini. California inasema kinyume chake. Mwenye elfu ishirini ana geti na mlinzi. Wewe una mlango wa uani ulio wazi, marafiki wapenda kuku, na jogoo ambaye kila mtu anamtamani.

Kirusi kilitembeaje?

Hakikuruka na upepo kutoka Los Angeles hadi Utah. Wachunguzi wa serikali walirudia jambo lile lile miezi yote: ugonjwa unasambazwa na watu wanaohamisha kuku, na watu wanaobeba kinyesi kwenye viatu, nguo, matairi na vyombo. Kuku mgonjwa hutoa virusi kwenye kinyesi na kwenye majimaji ya pua na mdomo. Kwenye kinyesi kibichi, mahali penye kivuli na ubaridi, virusi hivyo vinaweza kukaa hai kwa wiki kadhaa. Tope kidogo chini ya kandambili linatosha.

Sasa fikiria maisha ya mfugaji wa kuku wa maonyesho. Huyu si mtu wa kukaa na kuku wake kimya kimya. Anaazima jogoo wa damu nyingine, anauza vifaranga kwa wenzake, anabadilishana mayai ya kuatamisha, anatembelea mabanda ya watu mwishoni mwa wiki, na anarudi na tetea ambaye hakupanga kumnunua. Mapenzi ya kuku ni mapenzi ya kutembeleana. Wenye majogoo wa mapigano ni hivyo hivyo, pengine zaidi, na kwao kuna tatizo la ziada. Kupiganisha majogoo ni kosa katika majimbo yote ya Marekani. Afisa akigonga mlango na kuuliza, "Mwezi uliopita jogoo huyu alipelekwa wapi, na alikutana na nani?", anauliza swali ambalo jibu lake linaweza kumfikisha mtu mahakamani. Huwezi kufuatilia nyayo za ugonjwa mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kuzifuta nyayo zake.

Serikali ya jimbo ilianza kwa karantini: kuku wasitoke wala kuingia katika maeneo yaliyotajwa, na mikusanyiko ya kuku ipigwe marufuku, maonyesho yakiwemo. Haikutosha. Tarehe 27 Februari 2019 Daktari Mkuu wa Mifugo wa California, Annette Jones, alipanua karantini ikachukua Kaunti yote ya Los Angeles na sehemu kubwa za San Bernardino na Riverside. Ndani yake kulikuwa na mitaa iliyowekewa amri kali zaidi, kama Compton, Muscoy, Mira Loma na Perris, ambako kuku wote walitakiwa kuuawa, mgonjwa na mzima, bila kusubiri kila kundi lipimwe. Wenye kuku walilipwa fidia kwa bei ya soko.

Bei ya soko. Mwambie hivyo mtoto aliyemlea kuku tangu yuko kwenye yai. Malalamiko yalikuwa mengi na makali, na sioni ajabu. Watu walisema kuku wao hawana dalili yoyote, mbona hawapimwi kwanza? Kisayansi jibu lipo: kuku anaweza kuwa amebeba ugonjwa siku kadhaa kabla hajaonyesha chochote, na ukisubiri vipimo nyumba kwa nyumba katika mtaa uliojaa kuku, kirusi kinakuwa kimeshahamia mtaa wa pili. Naliafiki jibu hilo. Lakini nadhani pia kwamba gharama yake haikuishia kwenye fidia. Mtu anayejua kwamba kupiga simu kuripoti kuku mmoja aliyekufa kunaweza kuondoa kuku wa mtaa mzima, atafikiri mara mbili kabla ya kuipiga. Na kila siku anayofikiri ni siku ya kirusi kutembea.

Karatasi ya mlangoni

Kabla hujaingiza kuku kwenye maonyesho ya Marekani, majimbo mengi yanakutaka uonyeshe karatasi. Aghalabu karatasi hiyo inatoka kwenye mpango wa taifa wa kuboresha kuku, ulioanzishwa 1935 kwa sababu vifaranga walikuwa wanakufa kwa maelfu kwa kuhara kweupe. Kama huna karatasi, mara nyingine kuna mpimaji mlangoni. Anamchoma kuku kwenye mshipa wa ubawa, anachukua tone la damu, analichanganya kwenye kibao cheupe na tone la dawa ya rangi ya zambarau, anakizungushazungusha kibao huku anatazama saa. Mchanganyiko ukiganda madongemadonge ndani ya dakika mbili, kuku haingii. Ukibaki laini, karibu.

Nimeona watu wakitoka kwenye kipimo kama hicho nyuso zimechangamka kana kwamba kuku wao amepewa cheti cha afya njema. Sicho. Kipimo kile kinatafuta bakteria wa kuhara kweupe na wa taifodi ya kuku, basi. Hakisemi lolote kuhusu kideri, wala mafua ya ndege, wala ule ugonjwa wa kukoroma na kuvimba macho ambao kuku akiupata anaubeba maisha. Ni mlango mzuri uliojengwa kwa ajili ya mwizi wa 1935.

Hata daktari akisimama mlangoni na kumkagua kila kuku kwa macho, kideri kinaweza kumpita. Dalili huchukua kati ya siku 2 na 15 kujitokeza, mara nyingi siku 5 au 6. Kuku mwenye macho makali na upanga mwekundu asubuhi ya Jumamosi anaweza kuwa ndiye mwenyewe.

Na sisi tusicheke. Kwetu sheria inataka kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo, lakini jogoo anayesafiri kwa basi kutoka Tabora, ndani ya boksi la matobo chini ya kiti, nani amewahi kumwulizia?

Jumatatu baada ya maonyesho

Chukua kuku mmoja aliyeambukizwa Jumamosi saa nne asubuhi, kutoka kizimba cha jirani au mkono wa mtu aliyempapasa kuku mwingine. Jumapili jioni yuko nyumbani. Amechoka, amechafuka, lakini ana utepe wa ushindi. Familia nzima inamzunguka. Usiku anarudishwa bandani kwake, kwenye fimbo yake, kati ya matetea wake. Jumatatu anakula na wenzake chombo kimoja. Jumanne, Jumatano, hana neno. Alhamisi au Ijumaa anaanza kukoroma, au haanzi kabisa. Kufikia hapo amekwisha kuanza kutoa virusi, na banda zima limekwisha kunywa maji yake.

Kila kilichofanyika ukumbini, kipimo, ukaguzi, jaji kunawa mikono, kilimlinda kuku anapoingia. Hakuna aliyesimama mlango wa kutokea. Wala hawezi, maana mlango wa kutokea uko kwako. Ndiyo maana ushauri mmoja muhimu wa idara ya kilimo ya California haukuhusu ukumbi. Ulisema kuku mpya, au kuku anayerudi kutoka kwenye maonyesho, akae peke yake siku 30 kabla hajachanganywa na wenzake. Siku thelathini zinachosha. Hakuna anayezipenda. Lakini zihesabu: siku 15 za kusubiri dalili kwa yeye mwenyewe, na siku 15 nyingine kama alimwambukiza mwenzake mliyerudi naye kwenye tenga moja.

Jambo jingine, ambalo sijui kwa nini halisemwi kwa sauti zaidi: kwenye maonyesho, hatari ya kununua ni kubwa kuliko ya kuonyesha. Kuku uliyempeleka unamjua, unajua alikula nini na alichanjwa lini. Yule uliyemwona kwenye meza za mauzo ukashindwa kujizuia, unajua rangi yake tu.

Kuchi wangu

Haya siyaandiki kwa kuyasoma tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na jogoo wa kuchi, mwekundu wa kung'aa, mrefu, miguu ya njano kama muwa, shingo anaibeba kama askari wa gwaride. Anayewajua kuchi anaelewa: kuku hawa hawauzwi kwa kilo, wanauzwa kwa maneno. Rafiki yangu alikuwa na banda kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu, akaniomba jogoo apambe banda. Nilimchanja kideri wiki tatu kabla, tone moja la jicho, nikajiona mtu makini.

Nilimchanja yeye peke yake. Kichupa kilikuwa na dozi za kutosha banda zima na jirani, lakini matetea walikuwa wametawanyika, vifaranga wanakimbia, jua linazama. Nikasema nitawachanja kesho. Kesho hiyo sikuiona.

Alikaa kule tangu tarehe 1 hadi 8 Agosti. Siku nane, na kideri wastani wake wa kujionyesha ni siku 5 au 6. Maana yake kuku wa banda lolote aliyefika akiwa ameambukizwa tarehe 1 alikuwa na muda wa kutosha kuugua pale pale na kuwagawia wenzake, na wenzake kuondoka na mzigo bado wazima. Na msimu ni ule ule wa kiangazi ambao kideri huvuma. Siku ya sita niliona vizimba viwili kutoka kwetu tetea amejikunyata, mabawa yameshuka, anavuta pumzi na mdomo wazi. Mwenyewe akaniambia ni vumbi. Nikakubali kwamba ni vumbi, maana vumbi lilikuwepo kweli.

Usiku wa kurudi nilimwosha jogoo miguu kwa maji ya uvuguvugu, nikampaka mafuta kwenye upanga, nikamweka bandani. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taa. Akasema, "Baba Neema, jogoo umemwosha, tenga je?" Tenga lilikuwa limeshawekwa kwenye kona ya banda, mahali pake pa siku zote, na kinyesi cha siku nane chini yake.

Vifaranga walianza kufa asubuhi ya tarehe 15. Kinyesi cha kijani, majimaji. Halafu matetea: mmoja shingo ilipinda ikawa kama anaangalia angani, anazunguka pale pale. Katika kuku 38 walibaki 7. Jogoo mwenyewe hakuugua hata siku moja. Aliwika asubuhi zote hizo.

Chanjo ile ilifanya kazi yake, na kazi yake ni kumzuia kuku asife. Inapunguza pia virusi anavyotoa, lakini haivimalizi. Kuku aliyechanjwa anaweza kupata kirusi, akakibeba bila dalili, akakimwaga kwa wasiochanjwa. Kuchanja kuku mmoja wa maonyesho na kuacha banda ni kumvalisha tarishi koti la mvua. Au pengine jogoo hakuhusika, ni tenga. Au ni viatu vyangu, nilivyovaa siku ya nane nikitazama kuku wa watu. Vyote vitatu viliingia bandani usiku mmoja, siwezi kumlaumu mmoja na kuwaachia wawili.

Wazee wana msemo, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye banda la kuku usiutumie.

Ninavyofanya sasa

Banda zima linachanjwa siku moja. Chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Australia na inayotengenezwa hapa nchini, ilibuniwa kwa ajili ya watu kama sisi: inavumilia joto kuliko chanjo nyingi za kideri, inatolewa kwa tone la jicho, inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kama kuna maonyesho, napiga hesabu ya wiki tatu kurudi nyuma. Ukichanja siku moja kabla ya safari umejidanganya, kinga haijajengeka.

Kuku anayekwenda, anakwenda na vyake: kikombe chake cha maji, chakula chake, maranda yake. Pale uwanjani siazimi wala siazimishi. Mtu akitaka kumshika namwambia mtazame tu, na wengine wananuna. Ningekuwa mwandaaji, ningeacha nafasi kati ya kizimba cha huyu na cha yule, na ningemfukuza kuku anayekoroma bila kujali ni wa nani. Hili la mwisho ndilo gumu, maana mwenye kuku anayekoroma huwa ni mtu mkubwa.

Akirudi, kuna kibanda kidogo upande wa pili wa nyumba, mahali upepo unapotoka kwa kuku wengine kwenda kwake, si kwake kwenda kwao. Hapo anakaa siku 30. Asubuhi nawahudumia kwanza wa nyumbani, yeye mwisho, kwa kandambili zinazobaki pale pale. Nikitoka kwake sirudi bandani siku hiyo mpaka nibadilishe nguo. Tenga linaoshwa kwanza kwa sabuni na brashi mpaka mbao zionekane, ndipo linanyunyiziwa dawa ya kuua vijidudu, halafu linaanikwa juani. Watu wengi wanamwaga jiki juu ya kinyesi kilichokauka na kuridhika na harufu. Jiki ikikutana na uchafu inakwisha nguvu kwenye uchafu, vijidudu chini yake hawana habari.

Wiki ya pili huwa ndiyo ngumu. Jogoo anawika peke yake, matetea wanamjibu, jirani anapita kuuliza, "Kwani kafungwa?" Mwaka juzi mmoja alikuja siku ya kumi na mbili kumwazima akapande kwake. Alikuwa tayari na mfuko mkononi. Nilimwambia arudi mwezi ujao, na mpaka leo akinisalimia ananiita bwana karantini.

Mafua ya ndege yaliporudi Marekani mwaka 2022 mambo yakawa magumu zaidi, kwa kuwa yale huletwa pia na ndege wa porini, bata maji na wenzao, ambao hawaulizwi kibali. Februari mwaka huo yalionekana kwenye shamba la batamzinga Indiana. Machi, Iowa ikafuta maonyesho yote ya ndege hai. Mei, Michigan ikafuata. Watoto wa klabu za vijana za 4-H waliokuwa wamelea kuku mwaka mzima walikwenda kwenye baadhi ya maonyesho na mabango na picha za kuku wao, wakajibu maswali ya jaji wakiwa wamesimama mbele ya kizimba kitupu. Nikiona huruma kwao, naona pia kwamba mtoto anayeweza kueleza mbele ya kizimba kitupu kwa nini kuku wake kabaki nyumbani anajua ufugaji kuliko mimi usiku ule na taa ya mke wangu.

California ilitangazwa kuwa huru na kideri kali tarehe 1 Juni 2020. Karantini ikaondolewa, kuku wakaruhusiwa tena kusafiri, kuuzwa na kuonyeshwa. Lakini ilikuwa 2020: uviko ulikuwa umeshafuta maonyesho mengi ya mwaka huo. Kuku walikuwa huru kwenda, na zamu hii watu ndio waliofungiwa ndani.